Mpiga picha aliyeteka filamu ya wenzake: Kisa cha Bob Guccione

FILAMU ya Caligula ina kasoro ambayo mtazamaji makini huiona hata kabla ya hadithi yenyewe kuanza. Haina mwelekezi.

Tinto Brass, Muitaliano aliyesimama nyuma ya kamera jijini Roma mwaka 1976 na kuwaongoza waigizaji siku baada ya siku, ametajwa tu kuwa ndiye aliyesimamia upigaji picha mkuu. Gore Vidal, mwandishi mashuhuri wa Marekani aliyetunga mswada, ametajwa kwa mzunguko: kwamba filamu imetoholewa kutokana na mswada wake. Kisha upo mstari mmoja unaosema kuwa matukio ya ziada yaliongozwa na kupigwa picha na Giancarlo Lui na Bob Guccione.

Je, huyo Guccione alikuwa nani, na matukio hayo ya ziada yaliingiaje humo?

Swali hilo lilifufuka Mei 2023, filamu iyo hiyo ilipoonyeshwa katika tamasha la Cannes, Ufaransa, ikiwa imesukwa upya kuanzia mwanzo hadi mwisho na kuondolewa kila kitu alichokuwa ameongeza Guccione. Yeye mwenyewe hakuwepo kujitetea. Aliaga dunia Oktoba 20, 2010, katika mji wa Plano, jimbo la Texas, akiwa na umri wa miaka 79.

Wengi humkumbuka kama mchapishaji wa Penthouse, jarida la picha za uchi lililomtajirisha na hatimaye kumwacha fukara. Hata hivyo, Guccione alikuwa mpiga picha kwanza, na kwa maoni yangu mtu hawezi kulielewa kosa alilolifanya katika filamu kabla ya kuelewa namna alivyozipiga picha zake.

Mchoraji asiye na fedha

Alizaliwa Brooklyn, New York, Desemba 17, 1930, katika familia ya Kikatoliki yenye asili ya Sicily. Ujanani aliwazia kuwa padri, lakini wito huo ulimtoka upesi. Alichokitamani ni uchoraji. Akahamia Ulaya, akatangatanga akichora picha na vibonzo, na hatimaye akatua London ambako, pamoja na mambo mengine, aliwahi kusimamia biashara ya kufua nguo na kuhariri gazeti la Wamarekani waishio mjini humo.

Mwaka 1965 alianzisha Penthouse, akiiga waziwazi Playboy ya Hugh Hefner. Kabla ya toleo la kwanza kutoka, alituma kwa posta vijikaratasi vya kulitangaza. Baadhi vilifika mikononi mwa makasisi. Zogo likazuka, akatozwa faini kwa kutuma vitu visivyo na adabu kwa njia ya posta, na magazeti yakawa yamemtangaza bure bilashi. Nakala zote 120,000 za toleo hilo zilinunuliwa kwa muda wa siku chache tu.

Hakuwa na fedha za kuwalipa wapiga picha. Akaishika kamera mwenyewe na kujifundisha. Waama, alichokifanya kilitokana na jicho la mchoraji: mwanga wa dirishani badala ya taa kali, lenzi iliyofifishwa ili taswira ionekane kama iliyochorwa kwa brashi, na subira ya kutumia siku kadhaa kwa mwanamke mmoja. Walioyajua makumbusho ya Ulaya walitambua kwamba mtu huyu alikuwa amewatazama wachoraji wa Kifaransa kwa makini.

Lakini tofauti kubwa kati yake na Hefner haikuwa mwanga. Mwanamke wa Playboy aliitazama kamera na kutabasamu, kama binti wa jirani aliyefurahi kumwona mgeni. Mwanamke wa Guccione aghalabu hakuitazama kabisa. Alionekana amezama katika mambo yake, pekee chumbani, kana kwamba hajui kuna mtu anayemchungulia. Guccione mwenyewe hakulificha hilo. Alieleza mara kadhaa kuwa falsafa ya jarida lake ilikuwa uchunguliaji, na kwamba mvuto wote ulikuwa katika kumwona mtu asiyejua kwamba anaonekana.

Bila shaka mwanamke huyo alijua. Alikuwa ameketi hapo kwa siku nzima, amelipwa, ametia saini. Kutojua kwake kulikuwa maigizo yaliyokubaliwa na pande zote mbili. Ningeomba msomaji alikumbuke jambo hili, kwa sababu ndipo kilipolala kiini cha yaliyofuata.

Mwaka 1969 aliliingiza jarida lake Marekani kwa tangazo lililomwonyesha sungura, nembo ya Playboy, akiwa amelengwa kwa bunduki. Mwaka uliofuata alichapisha sehemu za mwili ambazo Hefner alikuwa bado anazificha, na Hefner, baada ya kusitasita, akalazimika kumfuata. Fedha zilimiminika. Kufikia 1982 jarida la Forbes lilikadiria utajiri wake kuwa dola milioni 400. Aliishi katika jumba la vyumba takriban 30 mjini Manhattan, kuta zake zikiwa zimepambwa kwa kazi za Picasso, Matisse, Modigliani na Degas.

Itakuwa si haki kumpaka matope mtupu. Penthouse ilichapisha uchunguzi wa kina kuhusu madhila ya wanajeshi waliorejea kutoka vita vya Vietnam, wakati ambapo magazeti mengi yenye heshima hayakuwa na muda nao. Mwaka 1978, yeye na mwenzake Kathy Keeton, mzaliwa wa Afrika Kusini ambaye baadaye alimwoa, walianzisha Omni, jarida la sayansi lililowapa jukwaa waandishi wa hadithi za kubuni za kisayansi kama William Gibson. Huyu hakuwa mjinga, wala hakuwa mchuuzi wa vichochoroni.

Usiku katika studio ya Roma

Kampuni yake ilikuwa tayari imetia fedha katika filamu za wengine, ikiwamo Chinatown ya 1974. Hilo halikumridhisha. Alitaka filamu yake mwenyewe, itakayoweka pamoja waigizaji wa hadhi ya juu na uwazi wa kingono ambao hakuna kampuni kubwa iliyothubutu kuugusa. Mtayarishaji wa Kiitaliano, Franco Rossellini, alimletea mradi wa maisha ya Caligula, mfalme wa Roma aliyeuawa mwaka 41 baada ya kutawala chini ya miaka minne.

Gharama ilifikia dola milioni 17.5. Kwa kulinganisha, Star Wars iliyotoka 1977 iligharimu takriban dola milioni 11. Danilo Donati aliunda seti za kustaajabisha. Malcolm McDowell aliajiriwa kuwa Caligula, na pamoja naye wakawepo Helen Mirren, Peter O'Toole na John Gielgud, ambaye tayari alikuwa na miongo mitano ya jukwaa la Uingereza mgongoni mwake.

Tangu mwanzo watu watatu walikuwa wakitengeneza filamu tatu. Vidal alitaka kuonyesha jinsi mamlaka yasiyo na mipaka yanavyomharibu kijana wa kawaida. Brass alimwona Caligula kuwa zimwi tangu kuzaliwa, na alitaka kejeli dhidi ya utawala wenyewe. Guccione alitaka ashiki. Vidal aligombana nao na kudai jina lake liondolewe. Brass alimaliza kupiga picha, akaanza kuhariri, kisha akafungiwa nje ya chumba cha uhariri.

Hapo ndipo Guccione alipotenda lile ambalo limebaki gumzo hadi leo. Akiwa na Lui na kikosi kidogo cha mafundi, alirudi katika seti zile zile usiku, akiwaleta wanawake waliokuwa wamepamba kurasa za jarida lake, akapiga matukio ya ngono halisi ambayo hatuwezi kuyaeleza katika ukurasa huu. Kisha akayapachika ndani ya kazi ya Brass. Kwa ustadi wa mkasi, ikawa kana kwamba waigizaji wakuu wamo katika chumba kimoja na hayo yanayotendeka, wakiyatazama.

Hawakuwamo. Walikuwa wamekwisha kufunga virago na kwenda zao. McDowell amesema mara nyingi kwamba aliliona jambo hilo kuwa usaliti.

Sisi ambao tumezeekea katika dawati la uhariri tunaijua hali hii kwa udogo wake. Mwandishi amewasilisha makala, amekwenda nyumbani kulala. Usiku wa manane mhariri anaongeza aya ambayo mwandishi hakuiandika, na asubuhi jina lililo juu ya makala ni la mwandishi. Kila neno katika aya hiyo laweza kuwa kweli, na bado mwandishi ameibiwa. Niliwahi kufanya hivyo mara moja nikiwa kijana, kwa nia njema kabisa, na mwandishi huyo hakunisemesha kwa muda wa mwaka mzima. Alikuwa na haki.

Nadhani Guccione hakuona kosa lolote. Studio ya mpiga picha ina bwana mmoja. Yeye ndiye huamua mwanga utoke wapi, mtu akae vipi, na ni picha ipi kati ya mia itakayochapishwa. Filamu haiko hivyo. Ni mkataba wa watu mia moja, kila mmoja akiwa ametoa ridhaa yake kwa jambo fulani mahsusi. Guccione aliingia katika mkataba huo na mazoea ya studio. Isitoshe, ule mchezo wa picha zake, wa kumwonyesha mtu asiyejua anaonekana, safari hii haukuwa mchezo tena. Gielgud na O'Toole hawakujua kwa kweli.

Filamu ilizinduliwa Italia mwaka 1979 na kunaswa na mamlaka katika muda mfupi. Februari 1980 ilifika New York, ambako Guccione alikodi ukumbi mzima wa sinema na kuupa jina la jarida lake, akitoza dola 7.50 kwa tiketi, bei iliyokuwa juu kwa wakati huo. Mhakiki Roger Ebert wa Chicago hakuipa hata nyota moja. Alitoka nje kabla haijaisha. Watazamaji walifurika vivyo hivyo.

Swali ambalo mahakama haikuulizwa

Mjini Boston polisi waliinasa filamu hiyo na kuifikisha kortini mwaka 1980. Kesi hiyo inastahili kuangaliwa kwa sababu inafichua upofu wa sheria za uchafu.

Kwa mujibu wa kipimo kilichowekwa na Mahakama ya Juu ya Marekani mwaka 1973, katika kesi ya Miller dhidi ya California, kitu huhesabiwa kuwa kichafu endapo masharti matatu yatatimia: kinaamsha ashiki kwa viwango vya jamii ya mahali hapo, kinaonyesha ngono kwa namna ya kuudhi, na kwa ujumla wake hakina thamani ya maana, iwe ya fasihi, sanaa, siasa au sayansi. Jaji wa Boston alikubali kwamba Caligula haikuwa na thamani ya kisanaa wala ya kisayansi. Lakini aliona ndani yake hoja ya kisiasa, yaani jinsi mamlaka yanavyofisidi, na hilo likatosha. Filamu ikaachiliwa.

Angalia kejeli iliyomo humo. Hoja ya kisiasa iliyomwokoa Guccione ilikuwa ya Vidal, mtu yule yule aliyekimbia jina lake lisihusishwe na kazi hiyo.

Lakini kuna jambo zito zaidi. Mahakama iliuliza iwapo mtazamaji atadhurika. Haikuuliza iwapo waliomo katika picha walikubali. Sheria ya uchafu haina nafasi ya swali hilo, na ndivyo ilivyo hata kwetu. Sheria ya Filamu na Michezo ya Jukwaani, Sura 222, ambayo kwayo filamu ya The Wolf of Wall Street ilipigwa marufuku nchini mapema 2014, humlinda anayetazama.

Waliodhurika na Guccione hawakuwa watazamaji. Anneka Di Lorenzo, mmoja wa wanawake wa Penthouse walioigiza katika Caligula, alimshtaki yeye na kampuni yake mjini New York. Mwaka 1990 mahakama ilikubali madai yake kwamba alishinikizwa kufanya mapenzi na washirika wa kibiashara wa mwajiri wake, kama sehemu ya kazi ambayo haikuandikwa popote. Ilimpa fidia ya dola 60,000, pamoja na dola milioni 4 za kumwadhibu mshtakiwa. Rufaa ilikatwa, na kufikia 1992 zile milioni 4 zilikuwa zimefutwa kwa hoja kwamba sheria ya haki za binadamu ya jimbo hilo haikuruhusu fidia ya aina hiyo. Alibakiwa na 60,000.

Kisha kuna kisa cha Vanessa Williams. Septemba 1983 aliweka historia kwa kuwa mwanamke wa kwanza mweusi kutawazwa Miss America. Mwaka mmoja kabla ya hapo, akiwa mfanyakazi wa mpiga picha fulani, alipigwa picha za uchi ambazo, kwa maelezo yake, hakuwahi kuidhinisha zichapishwe. Picha hizo zilipelekwa kwa Hefner, akazikataa. Guccione akazinunua. Toleo la Septemba 1984 liliuzwa zaidi ya nakala milioni 5, mauzo makubwa kuliko yote katika historia ya jarida hilo. Julai 23, kabla hata toleo hilo halijasambaa kote, Williams alilivua taji lake. Katika toleo lilo hilo, ilibainika baadaye, mmoja wa waliopigwa picha alikuwa mtoto aliyekuwa ametumia stakabadhi bandia za umri.

Williams aliendelea kuwa mwanamuziki na mwigizaji wa sifa. Waandalizi wa Miss America walimwomba radhi hadharani mwaka 2015, miaka 31 baadaye.

Msomaji wa Kenya hahitaji kwenda mbali kupata mfano. Mrembo aliyekuwa ametawazwa Miss World Kenya alipokonywa taji baada ya picha zake za faragha kutolewa na mtu aliyewahi kuwa mpenzi wake. Alikwenda kortini, na Desemba 2016 Mahakama Kuu ikaamua kuwa haki yake ya faragha chini ya Katiba ya 2010 ilikiukwa na kuamuru alipwe Sh1 milioni. Miaka miwili baadaye, Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mitandaoni ilifanya kusambaza picha za siri za mtu kuwa kosa la jinai, adhabu yake ikiwa faini ya hadi Sh200,000, kifungo kisichozidi miaka miwili, au vyote viwili.

Hapa angalau swali limeanza kugeuzwa. Haliulizi tena tu iwapo picha inamkera anayeitazama, bali iwapo aliyemo ndani yake aliridhia. Na limegeuzwa wakati muafaka, kwa maana kupachika uso wa mtu katika tukio asilolijua, kazi iliyomgharimu Guccione seti za Roma, kikosi cha mafundi na miezi ya uhariri, siku hizi yafanywa na kijana mwenye simu akiwa ndani ya matatu.

Kuporomoka

Utajiri wa Guccione uliyeyuka kwa njia nyingi, na nyingi kati yazo hazikuhusu ngono. Alianza kujenga kasino Atlantic City bila kupata leseni. Katikati ya kiwanja hicho, mwanamke mmoja mwenye nyumba ya wageni alikataa kuuza hata alipoahidiwa dola milioni 1, na vyuma vya jengo vikasimamishwa kuizunguka na kuipita nyumba yake kwa juu. Fedha zilikwisha mwaka 1980, vyuma vikabaki na kutu. Aliwalipa wanasayansi 82 wabuni mtambo mdogo wa nyuklia, akapoteza dola milioni 17. Mwaka 1985 alitakiwa kulipa malimbikizo ya kodi ya dola milioni 45.

Serikali ya Ronald Reagan nayo ilimtia kidole jichoni. Tume iliyoundwa na Mwanasheria Mkuu Edwin Meese kuhusu ponografia iliyaandikia makampuni ya rejareja mwaka 1986, na maduka ya 7-Eleven yakaliondoa jarida lake rafuni. Hasara ilikuwa kubwa. Hata hivyo si Meese aliyemmaliza. Kanda za video kwanza, kisha mtandao, vilitoa bure kile alichokiuza. Badala ya kurudi kwenye ule mwanga wa dirishani aliokuwa ameuvumbua, alizidisha ukali wa picha, matangazo ya biashara yakakimbia, na wasomaji hawakurudi.

Keeton alifariki 1997. Picha za Picasso na Modigliani zilipigwa mnada mwaka 2002, kampuni ikaomba ulinzi wa kufilisika Agosti 2003, na jumba la Manhattan likachukuliwa na wadai. Saratani ya koo ilikuwa imemharibia usemi. Miaka ya mwisho alirejea kwa kile alichokipenda ujanani, kuchora.

Caligula haikumfanya mwelekezi. Hakuongoza filamu nyingine. Kanda za Brass, ambazo Guccione hakuzitumia, zilibaki zimehifadhiwa kwa miongo, na ni kutokana na zaidi ya saa 90 za kanda hizo kwamba Mmarekani Thomas Negovan alisuka toleo lililoonyeshwa Cannes na kufika katika kumbi za Marekani mwaka 2024. Kila taswira iliyomo humo imechukuliwa upya. Uigizaji wa Mirren na McDowell, uliokuwa umefunikwa kwa miaka 44, unaonekana kwa mara ya kwanza jinsi ulivyokuwa.

Brass, akiwa na umri wa miaka 90, alilikana toleo hilo pia na kutishia kwenda kortini. Hakuna aliyekuwa amemshirikisha katika uhariri.